Mbavu za nguruwe kwa moshi: pima kabla, pima baada

Singida inajulikana sokoni kwa alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji. Alizeti ikikamuliwa hubaki mashudu, na mashudu yakichanganywa na pumba za mahindi huwa chakula cha nguruwe. Kwa hiyo anayeuza kitimoto mkoani humo hana budi kufuatilia bei ya mashudu pamoja na bei ya nyama. Somo la wiki hii linamhusu anayetaka kuongeza thamani ya nyama hiyo nyumbani kwa kubanika mbavu kwa moshi. Kazi yenyewe si ngumu. Kinachoweza kumaliza mtaji ni mizani.

Katika mabanda ya kitimoto mteja huchagua nyama mbichi, hupimiwa kilo yake, kisha hukaangiwa au huchomewa. Nyama ikinywea motoni, upungufu ni wa mteja. Mbavu za moshi hupimwa zikiwa zimeiva, hivyo upungufu humhamia muuzaji.

Tuchukue mfano, na msomaji aweke bei za soko lake. Mchuuzi ananunua kilo 10 za mbavu kwa Sh. 10,000 kila kilo, jumla Sh. 100,000. Kuni, chumvi, viungo na ujira vinagharimu Sh. 20,000. Akipanga kuuza Sh. 14,000 kwa kilo, anahesabu mapato ya Sh. 140,000 na faida ya Sh. 20,000. Lakini mbavu zikikaa motoni saa nyingi hupungua uzito kwa kiasi cha asilimia 30. Zikibaki kilo 7, mapato ni Sh. 98,000 na hasara ni Sh. 22,000. Ili arudishe gharama tu, kilo iliyoiva haina budi kuuzwa Sh. 17,143. Akitaka faida ya asilimia 15, bei ni takriban Sh. 19,700.

Utayarishaji huanza machinjioni. Nyama iwe na muhuri wa mkaguzi. Ikionekana na vijiuvimbe vyeupe mithili ya punje za mchele, hao ni tegu na nyama hiyo haifai. Utando wa upande wa mifupa ubanduliwe, kisha kila kilo ipakwe chumvi gramu 15 hadi 20 na kulazwa kwenye jokofu usiku mmoja.

Pipa la lita 200 lililowahi kubeba mafuta ya kula linafaa. Lililobeba dawa au kemikali lisitumike kabisa. Moto uwekwe upande mmoja na nyama upande mwingine, ili iive kwa joto na moshi bila kuguswa na miali. Joto ndani ya pipa liwe nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi kwa muda wa saa 5 au 6. Kuni kavu za mwembe, mpera au mgunga zinafaa. Mbao zenye rangi au dawa zisitumike, wala mnyaa unaopandwa kuwa ua wa nyumba, kwani utomvu wake ni sumu. Nyama isiondolewe kabla joto la katikati halijapita nyuzi 71. Ikifika nyuzi 90 hivi hulainika na kuanza kuachana na mfupa.

Mbavu hizo zisifananishwe na samaki wakavu wa Ziwa Viktoria. Samaki hao hudumu kwa sababu maji yametoka, lakini mbavu zilizoiva bado zina maji na mafuta. Ziuzwe siku hiyohiyo au zikae kwenye jokofu siku zisizozidi 3 au 4. Kuzisafirisha kwenye basi la mchana hadi Dodoma au Mwanza bila barafu ni kuhatarisha afya ya mteja.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuzingatia. Homa ya nguruwe ya Kiafrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haiambukizi binadamu lakini haina tiba, na karantini ikitangazwa biashara husimama. Mtaji wote usiwekwe hapo. Pia, anayeuza kuku wa kienyeji atenge visu, meza na majiko, la sivyo atapoteza wateja Waislamu.

Njia salama kwa anayeanza ni kupokea oda siku moja kabla na kutoza kwa uzito wa nyama mbichi, mteja akishuhudia mizani. Asiyeweza hivyo apime kabla na baada ya kila mbaniko, aandike kwenye daftari, na bei aipange kwa uzito wa pili.