Timu za Mpira na Majina Yao ya Sifa

Kila mtu ana jina alilopewa na wazazi wake, na wengi wana jina la pili walilopewa na wenzao. Jina hilo la pili huitwa lakabu, au jina la utani. Halikuandikwa katika daftari la shule, bali hutoka vinywani mwa watu. Mwenye mbio huitwa Swala, na asiyechoka kubeba mizigo huitwa Punda. Mmoja hufurahi aitwapo, na mwingine hukasirika. Timu za mpira nazo zina majina ya namna hii. Katika somo hili tutasoma habari za timu za Mbeya, Tukuyu na Iringa, na za chuo kikuu kimoja cha Marekani, tupate kujua majina hayo hutoka wapi, na ni kitu gani kinachoyatia heshima.

Mahali yanapotoka

Majina mengine hutoka katika rangi na mahali. Timu ya Simba ya Dar es Salaam huitwa Wekundu wa Msimbazi, kwa sababu ya nguo zake nyekundu na mtaa yalipo makao yake. Watani wao, Yanga, huitwa Wanajangwani, kwa kuwa makao yao yapo Jangwani.

Majina mengine hutoka katika kazi. Mjini Mbeya ipo timu iitwayo Tanzania Prisons, nayo ni ya Jeshi la Magereza. Watu huiita Wajelajela. Mgeni asikiaye jina hilo aweza kudhani ni tusi, maana hakuna apendaye kutajwa pamoja na jela. Lakini mashabiki wa timu hiyo hulitamka kwa furaha uwanjani, wala hawaoni haya. Jina ambalo lingeweza kuwa la dharau limekuwa la kujivunia. Jambo hili limetukia pia katika nchi ya mbali, nasi tutazame habari yake.

Chuo Kikuu cha Notre Dame

Katika jimbo la Indiana, nchi ya Marekani, kipo chuo kikuu kiitwacho Notre Dame. Kilianzishwa mwaka 1842 na padre Mfaransa, jina lake Edward Sorin. Wanafunzi wake wengi walikuwa Wakatoliki, na miongoni mwao walikuwamo wana wa wahamiaji kutoka Ireland. Zamani zile Wamarekani wengi waliwadharau wahamiaji hao kwa umaskini wao na kwa dini yao. Kwa hiyo mtu alipowaita wachezaji wa chuo hicho Waairishi, mara nyingi alikusudia kuwafanyia dhihaka.

Magazeti nayo yaliwaita kwa majina mengi. Mara waliitwa Wakatoliki, mara Watembezi, kwa kuwa walisafiri mbali kwenda kucheza. Mchezo wao si huu wetu, ni mpira wa Kimarekani, ambao wachezaji hukamata mpira mikononi na kukimbia nao. Mwaka 1924 walicheza mechi 10 na kushinda zote, wakahesabiwa kuwa mabingwa wa nchi nzima. Basi mwaka 1927 mkuu wa chuo, padre Matthew Walsh, alikubali rasmi kwamba timu zake ziitwe Waairishi Wapiganaji. Dhihaka ikageuka kuwa sifa.

Tena angalieni jambo moja. Mwalimu aliyewafundisha wachezaji wale mwaka 1924 aliitwa Knute Rockne. Yeye hakuwa Mwairishi hata kidogo. Alizaliwa nchi ya Norway mwaka 1888, akaletwa Marekani akiwa mtoto. Hata hivyo alilibeba jina lile pamoja na wengine. Tangu hapo jina halikuwa tena la kabila moja. Likawa la kila aliyejitoa kwa ajili ya wenzake.

Banyambala wa Tukuyu

Sasa turudi kwetu. Chini ya mlima Rungwe upo mji mdogo wa Tukuyu, wenye mvua nyingi, migomba na mashamba ya chai. Miaka mingi kombe la ligi ya Tanzania lilikuwa likienda kwa timu kubwa za Dar es Salaam, na watu wa mikoani walizoea kulisikia tu katika redio. Lakini mwaka 1986 timu ya Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa ligi, kombe likapanda mpaka milimani. Watu huiita timu hiyo Banyambala. Neno hili ni la Kinyakyusa, na maana yake ni wanaume, yaani watu mashujaa wasiorudi nyuma. Ushujaa huo si wa wavulana peke yao, kwa kuwa msichana naye aweza kusimama imara mahali pagumu.

Koma Kumwanya

Mwaka 2011 Halmashauri ya Jiji la Mbeya ilianzisha timu, ikaiita Mbeya City. Ilipofika mwaka 2013 ilikuwa imekwisha kupanda Ligi Kuu. Wengi walidhani timu changa namna hiyo itapigwa na kurudi ilikotoka. Lakini mwisho wa msimu wa 2013/14, chini ya mwalimu wao Juma Mwambusi, ilishika nafasi ya 3. Azam walikuwa mabingwa, Yanga wa 2, na Simba wenyewe walikuwa nyuma ya Mbeya City, nafasi ya 4. Uwanja wa Sokoine ulijaa watu, na timu iliposafiri mashabiki wake waliifuata katika miji ya mbali.

Jina la sifa la timu hiyo ni Koma Kumwanya. Nalo ni la Kinyakyusa, na maana yake ni piga juu. Jiji la Mbeya si la Wanyakyusa peke yao. Wamo Wasafwa, Wamalila, Wanyiha, Wandali na wengine wengi waliokuja kwa kazi na biashara. Hata hivyo wote hulitamka neno hilo pamoja, kama vile mwalimu wa Norway alivyolikubali jina la Waairishi. Neno la lugha moja limekuwa kamba ya kuwafunga watu wengi mzigo mmoja.

Siku za kushindwa

Lakini mpira una siku mbili. Mwaka 2023 Mbeya City ilifungwa na Mashujaa ya Kigoma katika michezo ya mtoano, ikashuka daraja. Hapo ndipo jina lilipojaribiwa. Ni rahisi kusema piga juu ukiwa juu. Ni vigumu kulisema ukiwa chini. Timu ilicheza misimu miwili katika daraja la chini, na mwaka 2025 ikapanda tena Ligi Kuu.

Timu ya Lipuli ya Iringa, iitwayo Wanapaluhengo, nayo imeonja mambo haya. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017. Mwaka 2019 ilifika fainali ya kombe la shirikisho, iliyochezwa mjini Lindi, ikafungwa na Azam bao 1 kwa bila. Mwaka uliofuata ilishuka daraja. Je, tuseme jina lake limekufa? Sivyo. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Timu iliyofika fainali imekwisha kuonyesha kwamba watu wa Iringa waweza kufika, na watakaokuja baadaye wataifuata njia hiyo.

Tujifunze nini?

Jina la sifa hutolewa na watu, lakini huwa tupu kama kibuyu kipya. Matendo ndiyo yanayolijaza. Banyambala lilijazwa mwaka 1986, na Waairishi Wapiganaji mwaka 1924. Tena jina la dharau laweza kugeuka, iwapo walioitwa wamelichukua kwa hiari yao na kwa umoja wao. Lakini timu ina watu wengi wa kusaidiana kubeba dhihaka; mwanafunzi mmoja hubeba peke yake. Kwa hiyo kabla ya kumpa mwenzako jina kwa ajili ya mwendo wake, umaskini wake au kabila lake, jiulize kama atalitamka mwenyewe kwa furaha. Ikiwa hawezi, huo si utani, ni kumwonea. Mpe jina litokalo katika wema wake, naye atajitahidi kulistahili. Jina jema hung'aa gizani.

Maswali

1. Taja mambo matatu ambayo majina ya timu hutoka kwayo, ukitoa mfano wa kila moja.
2. Kwa nini jina la Waairishi lilikuwa la dharau hapo kwanza? Ni nini kililigeuza?
3. Eleza maana ya Banyambala na Koma Kumwanya.
4. Jina la Mbeya City lilijaribiwa namna gani mwaka 2023?
5. Waulize wazee wa Iringa maana ya Wanapaluhengo, kisha uwasomee wenzako majibu yao darasani.
6. Timu ya shule yenu ingestahili jina gani? Andika mistari 10 ukieleza ni kwa matendo gani.