Timu Yako, Parokia Yako: Vidokezo 7 vya Utani kwa Shabiki Mkatoliki

Misa ikishaisha Kiptere, salamu ya kwanza ni "Tumsifu Yesu Kristo." Ya pili, hata hujafika getini, ni "Jana mlifungwa ngapi?" Kama wewe ni Mkatoliki na ni shabiki, raha hiyo unaijua. Unajua pia kwamba utani mzuri unataka maandalizi. Una majani ya kuchuma na ng'ombe wa kukamua, kwa hiyo twende haraka!

1. Shabiki wa Man United, njoo na jibu mfukoni

Swali litakuja tu: "Mkristo mzima unashangiliaje Mashetani Wekundu?" Usinyamaze. Mwambie kwamba aliyelipenda jina hilo akalipeleka Old Trafford ni kocha Matt Busby, Mkatoliki wa kweli kweli, ambaye Papa alimpa nishani mwaka 1972. Alilitoa kwa majirani zao wa Salford, timu ya raga iliyobatizwa hivyo na Wafaransa katika ziara ya mwaka 1934. Kisha, kwa upole kabisa, mkumbushe kwamba Kombe la Ulaya la 1968 lililetwa na Mkatoliki huyo huyo. Shabiki wa Arsenal hapo hana la kusema, na wewe umepata wiki nzima ya amani.

2. Soma rangi za padre

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinafanya kazi mwaka mzima. Kipindi cha kawaida cha mwaka wa Kanisa huchukua majuma 33 au 34, na muda huo padre huvaa kijani. Shabiki wa Gor Mahia anataka ushahidi gani tena? Karibu theluthi mbili za mwaka, altare iko upande wa K'Ogalo! Lakini mtu wa AFC Leopards asikate tamaa. Nyeupe, nusu ya rangi zake, ndiyo ya Krismasi na Pasaka, na anaweza kusema kwa kifua mbele kwamba sikukuu kubwa ni za Ingwe. Liverpool, Arsenal na United wagawane nyekundu: Jumapili ya Matawi, Ijumaa Kuu, Pentekoste, na Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda. Na Chelsea? Mtafute kwenye kalenda yote, hayumo. Basi mfariji kwa kumwambia kwamba Bikira Maria huchorwa na joho la buluu, atatulia.

Mbinu ni rahisi: Jumamosi usiku angalia kalenda ya liturujia ujue rangi ya kesho, ufike na maneno yako tayari. Jezi yenyewe iache nyumbani.

3. Jua saa za Uingereza zinapogeuka

Wenzetu husogeza saa zao mbele mwishoni mwa Machi na kuzirudisha nyuma mwishoni mwa Oktoba. Ndiyo maana mechi ya Jumapili ya saa nane mchana kwao huonekana kwetu saa kumi jioni kipindi fulani, na saa kumi na moja kipindi kingine. Misa ya asubuhi haigongani na mechi, shukuru Mungu. Kibarua ni Mkesha wa Pasaka. Mechi yao ya Jumamosi jioni inaweza kuanza hapa kwetu saa moja unusu usiku, wakati ninyi mko nje ya kanisa mnangojea moto ubarikiwe, na masomo yanaweza kufika tisa! Zima simu, zungumza mapema na wenzako asikuambie mtu matokeo, kisha tazama marudio baada ya usingizi. Aleluya kwanza.

4. Nia za jumuiya waachie wagonjwa

Kwenye sala za jumuiya usiombee penalti. Kuna mama pale ana mtoto hospitalini, na zamu ya kuomba ni yake. Utani usubiri watu wakishasimama kwenda nyumbani.

5. Jirani wa AGC akikutania, mpe Celtic

Huku kwetu majirani wengi ni wa Africa Gospel Church (AGC), na wanapenda kuuliza Wakatoliki na mpira wapi na wapi. Jibu lipo Glasgow. Mwaka 1887, katika ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Maria, Bruda Walfrid, Mmarist kutoka Ayalandi, aliianzisha Celtic ili zipatikane fedha za kuwalisha watoto maskini. Na Mkenya aliacha alama pale: Novemba 7, 2012, Victor Wanyama aliifunga Barcelona kwa kichwa, Celtic wakashinda 2-1. Mwaka uliofuata akahamia Southampton, timu inayoitwa Watakatifu!

Ila uwe muungwana. Southampton ilizaliwa katika kanisa la Kianglikana, na Everton ilitokana na kanisa la Kimethodisti. Mpe jirani haki yake, naye kesho atarudi na utani mtamu zaidi. Akiuliza kuhusu mapapa, mwambie Papa Fransisko alikuwa na kadi ya uanachama wa San Lorenzo ya Buenos Aires, na Papa Leo wa 14 ni mtu wa White Sox wa Chicago.

6. Dau liwe chai

Tuko Kericho, jamani! Timu yako ikifungwa, wewe ndiye wa kununua chai ya maziwa na mandazi ya watu wote wa meza. Bonasi ya majani isiguse kampuni za kubeti hata kidogo. Hiyo ni karo. Na Kwaresima ikifika, pesa za chai hiyo zitie kwenye bahasha ya Kwaresima.

7. Mambo yakipamba moto, hamia riadha

Sauti zikianza kupanda, taja Wilson Kiprugut, mtoto wa Kericho, aliyeleta medali ya kwanza kabisa ya Kenya ya Olimpiki: shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Hapo hakuna Gor wala Leopards, kila mtu anatikisa kichwa kukubali. Ukitaka kumrudisha Mkatoliki mezani, mtaje Bruda Colm O'Connell, aliyefika St Patrick's Iten mwaka 1976 kufundisha shule, akaja kumnoa David Rudisha. Kisha uliza: Rudisha alikimbia muda gani London 2012? Atakayesema dakika 1 na sekunde 40.91 amiminiwe kikombe cha kwanza.