Dawa Inayonywewa na Mti

Elimu kwa wenye miti na bustani, Mkwajuni na vijiji vya Wilaya ya Songwe

Majani ya mwembe yakianza kunata, kisha yakafunikwa na masizi meusi, wengi husema mti umeugua ukungu. Masizi yale ni matokeo tu. Geuza jani utazame upande wa chini, pembeni mwa mishipa: utaona wadudu weupe wenye unga kama pamba iliyochambuliwa, au vidugamba vilivyong'ang'ania kama magamba ya samaki. Hao wananyonya utomvu wa mti na kutoa majimaji yenye sukari. Ukungu unaota juu ya sukari hiyo, na sisimizi wanapanda kuifuata.

Mwembe wa zamani umeipita nyumba kwa urefu, na bomba la mgongoni halifiki kileleni. Hapo ndipo mwenye mti anapoambiwa dukani: "Mzee, usihangaike na bomba. Kuna dawa unamwaga shinani, mti unainywa wenyewe."

Dawa hiyo ipo na inafanya kazi. Lakini kwa miti mingi ya uani hapa Mkwajuni, ushauri wetu ni kuiacha pale pale dukani, na kurasa hizi zinaeleza kwa nini.

Inavyosafiri ndani ya mti

Viuadudu vingi tulivyozoea huua kwa kugusa. Unapulizia, mdudu analowa, anakufa. Mvua ikinyesha, kazi imekwisha. Hii ya shinani hupenya. Inayeyuka kwenye maji ya udongo, vizizi vidogo vinaifyonza, kisha inapanda kwa njia zile zile za maji mpaka kwenye matawi na majani. Anayenyonya huko juu anakunywa sumu.

Inayojulikana zaidi ni imidaklopridi, iliyoingia katika soko la dunia mwaka 1991. Ndugu zake ni thiamethoksamu na dinotefurani. Zote ni za ukoo wa nikotini, sumu iliyomo kwenye tumbaku, na wakulima wa tumbaku wa upande wa Chunya wanajua kichwa kinavyouma mtu akichuma majani mabichi yenye umande. Hizi za maabara huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu kuliko ya binadamu, ndiyo maana zikapendwa.

Hazina haraka. Kichaka cha bustani huchukua wiki moja au mbili kabla wadudu hawajaanza kupungua. Mti mkubwa, mwezi mmoja hadi mitatu. Udongo ukiwa mkavu mizizi hainywi, na dawa inakaa tu ardhini. Ikishapanda, haishuki kirahisi: mti unaweza kubaki nayo mwaka mzima na zaidi. Mwenye papara humwaga leo, akiona wadudu bado wapo baada ya wiki anamwaga tena, na mti unaishia kubeba dozi mbili.

Haiui kila kitu pia. Utitiri, wale wadogo kama vumbi jekundu, hausikii dawa hii. Mara nyingi huongezeka baada yake, kwa sababu wadudu waliokuwa wanaula wamekufa. Ukiona utando mwembamba na majani yamekuwa ya shaba baada ya kumwaga dawa, usiongeze nyingine.

Sifa yake ilikotoka

Nchini Marekani, mwaka 2002, iligundulika huko Michigan kwamba mbawakavu wa kijani aliyetoka Asia ya Mashariki alikuwa anaua miti ya barabarani. Katika misitu ya mashariki ya nchi hiyo, mdudu mwingine mdogo mwenye manyoya meupe alikuwa anakausha miti jamii ya misonobari. Dawa ya kumwaga shinani iliokoa miti mingi, na kwa baadhi mwago mmoja ulilinda kwa miaka kadhaa.

Angalia lakini ile ilikuwa miti gani. Haizai tunda analochuma mtoto, majani yake hayapikwi, na chavua yake hupeperushwa na upepo, haingoji nyuki. Mti wa uani Mkwajuni ni mwembe, mpapai, mkwaju, mlimao, mlonge. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo usioliwa na mtu, mbuzi au nyuki.

Na huko huko Marekani, dawa za ukoo huu zilipowekwa kwenye miti ya nyuki, madhara yalionekana. Juni 2013, katika mji wa Wilsonville, jimbo la Oregon, miti yenye maua kwenye maegesho ya duka ilipuliziwa dinotefurani ili kuua vidukari. Nyuki-bambi wapatao 50,000 walianguka chini ya miti ile. Pale ilipuliziwa, haikumwagwa ardhini, lakini jimbo lilikuja kupiga marufuku dawa za ukoo huo kwa miti ya aina ile, ziwekwe kwa njia yoyote. Umoja wa Ulaya nao, mwaka 2018, ulizuia imidaklopridi, thiamethoksamu na ndugu yao klothianidini zisitumike nje ya vibanda vya kuoteshea mimea.

Nani anakula kwenye mti huu?

Swali hili lijibiwe kabla chupa haijafunguliwa. Dawa iliyofika kwenye jani imefika pia kwenye chavua na mbochi, ule utamu anaoufuata nyuki ndani ya ua, na inaweza kufika kwenye tunda. Kuosha embe hakusaidii, maana dawa haiko juu ya ganda.

Mpapai ndio mfano ulio wazi. Unatoa maua na matunda mwaka mzima, kwa hiyo hakuna mwezi ambao utasema sasa umepumzika. Usiumwagie. Mlonge unachumwa majani kila wiki kwa mboga, usiumwagie. Uzio wa miti ambao mbuzi wa jirani huchungulia na kung'ata nao ni hivyo hivyo, na matawi yake yaliyokatwa hayafai kulishwa mifugo.

Wenye mizinga wana la ziada. Nyuki huruka kilomita tatu na hata zaidi kutafuta chakula, kwa hiyo mkwaju wa jirani ni shamba lako la asali. Nyuki asiyekufa hapo hapo anaweza kupotea njia ya kurudi mzingani, na mfugaji akafikiri kundi limehama.

Maji yanaelekea wapi

Lita moja ya maji inaweza kuyeyusha zaidi ya nusu gramu ya imidaklopridi, na kwa sumu ya wadudu hicho si kiasi kidogo. Udongo wenye mboji huishika, mchanga huiachia. Ukiimwaga kabla ya mvua kubwa, inaenda kisimani au mtoni. Mto Songwe wa upande wetu unaishia Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia hakina njia ya kuendelea. Watu wanaoishi jirani na machimbo ya dhahabu wameshasikia hadithi ya namna hiyo kuhusu zebaki. Vijidudu vya majini ambavyo samaki wadogo hula hufa kwa kiasi kidogo sana cha dawa hii.

Pale inapofaa

Zipo nafasi. Miche ya miti ya mbao kitaluni inayoshambuliwa na mchwa ni mojawapo, kwa sababu itachukua miaka kabla ya kutoa maua. Mti wa kivuli usioliwa, unaokaribia kufa, ulio mbali na kisima, ni nyingine. Mazao ya miti kama kahawa ya Mbozi yana maelekezo yake, na hayo yafuatwe kwa lebo na afisa ugani, si kwa kijitabu hiki.

Ukiamua, ngoja maua yaanguke yote. Ardhi iwe na unyevu bila kutota: mwagilia jana, weka dawa leo asubuhi. Ondoa majani makavu na nyasi shinani, maana dawa hunasa humo. Chimba kifereji kifupi kuzunguka shina, mimina mchanganyiko polepole, rudishia udongo, kisha ongeza maji kidogo. Isitiririke.

Dozi ya mti hupimwa kwa unene wa shina, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kutumia vizibo. Funga kamba kuzunguka shina kwenye usawa wa kifua, pima urefu wake, gawanya kwa 3.14. Kamba ya sentimita 94 ni shina lenye unene wa sentimita 30. Namba hiyo ndiyo unayoitafuta kwenye lebo. Kama lebo haitaji miti kabisa, chupa hiyo si ya miti.

Kabla hujalipa dukani

Tafuta namba ya usajili ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Tafuta maelezo ya Kiswahili. Tunduma ni mlango mpana, na kifungashio kilichovuka kutoka Nakonde bila kusajiliwa huku hakina wa kukujibu kikileta madhara. Dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya soda isinunuliwe kwa bei yoyote.

Tazama utepe wa rangi chini ya lebo. Imidaklopridi iko kwenye daraja la njano, yaani ina madhara ya wastani. Mwekundu ni hatari kubwa. Karbofurani, dawa nyingine ya kupenya iliyouzwa kama chembechembe, ni ya mwekundu. Huko Kenya iliua simba na tai walioila kwenye mizoga iliyotegwa. Usiiweke uani.

Mwembe wenye masizi, basi?

Anza na sisimizi. Wanawalinda wale wadudu weupe dhidi ya maadui zao ili waendelee kupata sukari. Zungushia shina kitambaa, kipake grisi, na kata matawi yanayogusa ukuta au mti mwingine ili wasipate daraja. Punguza matawi yaliyoelemewa uyachome. Yanayofikika yaoshe kwa maji ya nguvu yenye sabuni kidogo, jioni, ukilenga chini ya jani. Baada ya hapo nyigu wadogo na wadudu-kobe wataendelea na kazi. Si ndoto: kidung'ata wa muhogo, mdudu mweupe wa jamii hiyo hiyo, alidhibitiwa Afrika na kijinyigu kutoka Amerika Kusini, kilichoachiwa kwanza Nigeria mwaka 1981. Dawa ya shinani ingewaua hao nao, kwa sababu wanakula mdudu aliyekwisha kunywa sumu.

Dawa ikiingia mwilini

Vaa glavu za mpira, buti na nguo za mikono mirefu, hata kama hupulizii. Hatari kubwa iko wakati wa kupima dawa isiyochanganywa na maji. Iliyomwagika kwenye ngozi ioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni. Mtu aliyeimeza anaweza kupata kizunguzungu, kutapika, jasho na usingizi mzito. Usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya na ubebe chupa yenyewe yenye lebo, kwa sababu matibabu ya karbofurani si ya imidaklopridi, na mganga hawezi kukisia. Chupa tupu suuza mara tatu, maji ya suuzo yaingie kwenye mchanganyiko, kisha itoboe ili isigeuzwe kidumu cha mafuta ya kula.