Intakula mpya, moshi mweusi

*Nimehamishia intakula (kipoza hewa ya tabo) ya Subaru Forester yangu mbele ya rejeta. Sasa gari linapiga mluzi, linatoa moshi mweusi na halina nguvu. Tabo imekufa? – Msomaji, Nakuru*

Usiikatie tamaa tabo bado. Dalili zako ni za hewa kuvuja kwenye paipu mpya: sensa imeshaipima, kompyuta inamwaga petroli ya kuitosha, lakini hewa haifiki kwenye injini. Injini ikipoa, fungua viungio vya mpira, futa oili mpaka pakauke kabisa (hapa mafundi wengi huharakisha), kisha kaza klipu nyuma ya ukingo wa paipu. Fundi ajaze hewa ya kompresa kwenye paipu kwa presha ndogo, apake viungio maji ya sabuni. Panapovuja patatoa povu. Kwa kuwa intakula sasa inaikinga rejeta na upepo, mshale wa joto ukipanda kwenye foleni, au injini ikigonga, zima gari umwite fundi.