UKIKAMATWA UGENINI: HAKI YA KUUJULISHA UBALOZI WAKO

Wahenga walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe. Maana yake ni kuwa mgeni huonekana upesi, na kila alifanyalo hutazamwa na wote. Lakini siku mgeni huyo akitiwa korokoroni, huenda asionekane tena na mtu yeyote wa kwao. Hapo ndipo somo letu la leo linapoanzia.

Mama yangu mdogo alikuwa akijitayarisha kwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Jioni moja tukiwa jikoni, nyanya alimwuliza, "Sasa huko, ukipatwa na jambo, utamwita nani?" Mama mdogo akacheka, akasema, "Si nitakupigia simu, Mama!" Nyanya hakucheka. Mwaka huo wa 2025 sote tulikuwa tumesikia redioni habari za Mkenya aliyehukumiwa kifo nchini Vietnam kwa mashtaka ya dawa za kulevya. Swali la nyanya lilinisumbua, nikaenda maktaba kutafuta jibu.

Mkataba wenyewe

Jibu limo katika Mkataba wa Vienna kuhusu Mahusiano ya Kibalozi, uliotungwa mwaka 1963 na kuanza kutumika mwaka 1967. Nchi nyingi sana za ulimwengu zimeukubali, Kenya ikiwemo. Tutazame Kifungu cha 36. Kifungu hiki kina mambo matatu makubwa:

1. Mgeni akikamatwa, wakuu wa nchi hiyo ni lazima wamwambie, bila kukawia, kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa.

2. Mgeni huyo akiomba, wakuu hao ni lazima waujulishe ubalozi, tena bila kukawia. Barua zake kwa ubalozi nazo zipelekwe.

3. Maofisa wa ubalozi wana haki ya kumtembelea, kuzungumza naye na kumpangia wakili. Lakini mwenyewe akikataa msaada wao, hawamlazimishi.

Hebu tulitazame vizuri lile neno "akiomba". Anayeomba ni mfungwa mwenyewe. Je, ataombaje kitu ambacho hajui kipo? Ndiyo maana jambo la kwanza ni kama ufunguo wa mlango. Asipoambiwa, hayo mengine mawili yanabaki maandishi tu.

Ubalozi husaidia nini?

Wengine hudhani kwamba balozi akifika, mfungwa hufunguliwa pingu akaenda zake. Sivyo. Ubalozi hauna uwezo wa kuvunja sheria za nchi ya watu, wala hauamui kesi. Hata hivyo, unaweza kumtafutia mshtakiwa wakili anayezijua kesi za aina hiyo. Unaweza kuhakikisha kuna mkalimani. Unaweza kuwapasha jamaa habari, na kukusanya kutoka nyumbani vyeti na mashahidi.

Katika kesi ya kifo mambo haya ni mazito. Katika nchi nyingi, kabla ya kuamua kama mtu atauawa au atafungwa, mahakama huuliza: huyu ni nani? Alilelewaje? Aliwahi kuugua akili? Alikuwa na umri gani? Majibu yako kwa nyanya yake, kwa mwalimu wake wa darasa la kwanza, na katika hospitali ya kijijini kwao. Nani atayafuata huko ikiwa hakuna aliyeambiwa?

Kisa cha ndugu wawili

Ndugu Karl na Walter LaGrand walikuwa raia wa Ujerumani waliohamia Marekani wakiwa watoto wadogo. Mwaka 1982 walijaribu kuiba katika benki moja huko Arizona. Meneja wa benki akauawa kwa kudungwa kisu, na mfanyakazi mwingine akajeruhiwa. Mwaka 1984 wakahukumiwa kifo.

Katika muda huo wote hakuna aliyewaambia kuhusu Kifungu cha 36. Ubalozi wa Ujerumani ulipata habari mwaka 1992, tena kutoka kwa ndugu wenyewe, ambao nao walikuwa wameisikia haki hiyo kwingineko. Wakuu wa Arizona waliwaarifu rasmi haki hiyo Desemba 1998, yaani karibu miaka 17 baada ya kuwakamata. Je, huko ndiko kutokawia?

Mawakili wao walipoileta hoja hiyo mahakamani, waliambiwa wamechelewa. Ilifaa waitoe mwanzoni. Tazameni maajabu hayo! Mtu hakuambiwa haki yake, kisha anaadhibiwa kwa kutoidai.

Karl aliuawa tarehe 24 Februari 1999. Tarehe 2 Machi, Ujerumani ilikimbilia Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague, Uholanzi. Kesho yake mahakama hiyo iliagiza Walter asiuawe mpaka kesi isikilizwe. Siku iyo hiyo, Walter akauawa.

Kesi haikufa pamoja naye. Tarehe 27 Juni 2001, Mahakama iliamua kwamba Marekani ilikuwa imevunja mkataba. Iliamua pia kwamba Kifungu cha 36 kinampa haki mtu binafsi, si serikali yake peke yake, na kwamba maagizo yake ya dharura ni lazima yafuatwe. Fauka ya hayo, ilisema kuomba radhi hakutoshi mtu akihukumiwa adhabu nzito namna hiyo. Hukumu yake lazima ipitiwe upya.

Waliookoka na wasiookoka

Mwaka 2004 Mexico nayo ilishinda. Kati ya raia wake 52 waliohusika katika kesi hiyo, Mahakama iliona kwamba 51 hawakuambiwa haki yao inavyotakiwa. Mmoja wao alikuwa Osbaldo Torres, aliyengoja kifo huko Oklahoma. Mwezi Mei mwaka uo huo, gavana wa jimbo hilo alimbadilishia hukumu ikawa kifungo cha maisha, na uamuzi wa The Hague ulikuwa mojawapo ya sababu.

José Medellín wa Texas hakupata bahati hiyo. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani ilisema kwamba uamuzi wa The Hague hauwezi kuyafunga majimbo bila bunge kutunga sheria. Akauawa tarehe 5 Agosti 2008. Marekani ilikuwa imekwisha kujitoa, mwaka 2005, katika itifaki iliyoruhusu nchi kuishtaki huko kuhusu mkataba huu. Mkataba wenyewe, hata hivyo, haikuutoka.

Najua kuna atakayeniuliza, "Kwani aliyeuawa hana haki?" Ni swali la haki kabisa. Yule meneja wa benki alikuwa na watu wake, nao walilia. Lakini Kifungu cha 36 hakimwachilii muuaji. Kinataka tu kwamba kabla ya kutoa uhai wa mtu, ambao haurudi, mahakama iwe imesikia yote. Tena, anayekamatwa si lazima awe mwenye hatia.

Na sisi je?

Mkataba hukata pande zote mbili. Hapa kwetu hakuna aliyenyongwa tangu 1987, lakini hukumu ya kifo bado imo katika sheria. Mgeni akikamatwa Nairobi au Mombasa, naye anastahili kuambiwa. Aidha, Kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema kila aliyekamatwa aelezwe sababu upesi, kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana na wakili. Tukiwanyima wageni haki yao, tutakuwa na mdomo gani wa kuwadai wengine haki za Wakenya?

Mama mdogo amekwisha safiri. Kabla hajaondoka nilimwandikia sentensi moja katika karatasi, kwa Kiswahili na Kiingereza, na mwalimu wetu wa dini ya Kiislamu akaongeza Kiarabu: "Mimi ni raia wa Kenya. Naomba ubalozi wa nchi yangu ujulishwe." Nyanya aliniambia nimsomee mara mbili. Kisha akaikunja na kuitia ndani ya pasipoti yeye mwenyewe.

Maswali ya kujadiliwa chamani

1. Kwa nini haki ambayo mtu hakuambiwa ni sawa na haki aliyonyimwa?

2. Ubalozi unaweza kumfanyia nini raia aliyekamatwa, na nini hauwezi?

3. "Uamuzi usio na wa kuutekeleza si uamuzi." Jadili ukirejelea kesi za Torres na Medellín.

4. Unaye jamaa anayesafiri ng'ambo? Mwandikie sentensi ile kwa lugha ya huko aendako.