Kofia ya Pua ya Eropleni

Mtu akisimama Kilambo, ukingoni mwa mto Ruvuma, huona mitumbwi ikivuka kwenda Msumbiji. Fundi wa mtumbwi hachongi omo butu kama ubao wa mlango. Huuchonga ukawa mwembamba, upate kupasua maji na kuyapeleka kando taratibu. Omo butu huyasukuma maji mbele, na mpiga kasia huchoka bure.

Hewa nayo ni kama maji, ingawa haionekani kwa macho. Eropleni ikienda mbio huipinga. Na mbio zikizidi mara mbili, upinzani huzidi mara nne. Ndiyo maana mafundi huiangalia sana pua yake.

Rafadha ni mapanga yazungukayo mbele ya injini na kuivuta eropleni. Katikati yake pana kitovu chenye vyuma vingi, na hapo hewa hugonga na kuvurugika. Basi mafundi hukifunika kwa kofia nyepesi iliyochongoka mfano wa ncha ya yai, nayo huzunguka pamoja na mapanga. Kofia hiyo si pambo. Huitenga hewa pande zote, ipite bila fujo. Deperdussin, eropleni ya Wafaransa ya mashindano, ilivikwa kofia kubwa ya namna hiyo. Na mwaka 1913, huko Reims, Maurice Prévost aliiendesha zaidi ya kilomita 200 kwa saa.

Lakini kuifunika injini yenyewe kulileta mashaka. Injini nyingi za zamani zilikuwa na silinda zilizopangwa kwa duara kama spoku za baiskeli, zikipoozwa kwa upepo tu. Zikiachwa wazi, zilipoa vema, lakini ziliikawiza eropleni. Zikifunikwa kabisa, ziliweza kupata moto mwingi hata kuharibika. Na injini ikizimika juu ya bahari, roho za watu zimo hatarini.

Fred Weick na wenzake huko Langley, Marekani, walilitafutia jambo hili dawa. Walitengeneza gamba la mviringo lenye mlango mbele na mwanya mwembamba nyuma. Hewa ya kiasi huingia, huongozwa kupita katikati ya silinda, kisha hutoka nyuma kwa utulivu. Mwaka 1928 walilijaribu gamba hilo. Eropleni iliyokwenda kilomita 190 kwa saa ikaenda 220, kwa injini ile ile. Hawakuongeza nguvu hata kidogo, waliondoa kizuizi.

Ufundi huo ulifika pwani hii. Tangu mwaka 1937 eropleni za Imperial Airways ziteleazo majini zilitua Lindi zikielekea Durban, kila moja na injini nne zilizovikwa magamba. Baadaye eropleni za namna ya ATR 72 na Dash 8 zimetua Mtwara. Ukiitazama mojawapo imesimama, utaona kofia iliyochongoka katikati ya mapanga. Itazame kwa mbali, kwa maana mapanga yakizunguka sana hayaonekani, na huua.

Maswali

1. Kwa nini omo wa mtumbwi huchongwa mwembamba?
2. Kofia ya rafadha ina kazi gani?
3. Injini ikifunikwa kabisa hupatwa na nini?
4. Weick na wenzake waliongezaje mbio bila kuongeza nguvu?