Tasnifu Iache Mlangoni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Katika Usaili wa Uhandisi wa Programu

Kampuni kubwa za programu nchini Marekani huanza kusaka wanafunzi wa mafunzo ya kiangazi miezi mingi kabla, nyingine tangu Agosti ya mwaka uliotangulia. Wewe wa uzamivu utapewa maswali yanayofanana na ya kijana wa shahada ya kwanza. Usitarajie kuonewa haya.

FANYA

1. Soma tangazo hadi mwisho. Nafasi ya utafiti huangalia machapisho yako. Nafasi ya uhandisi hutaka msimbo unaofanya kazi. Jua umeomba ipi.

2. Rudia misingi: majedwali ya hashi, miti, grafu, upangaji na utafutaji. Kila suluhisho liambatane na gharama yake ya muda na kumbukumbu.

3. Fanya mazoezi kwenye ukurasa mtupu, saa ikiwa mbele yako. Usaili wa dakika 45 humegwa na salamu mwanzoni na maswali mwishoni.

4. Uliza kabla ya kuandika. Data ni kubwa kiasi gani? Imepangwa? Yaweza kuwa tupu?

5. Fikiri kwa sauti. Msaili hana namna ya kuupa ukimya alama.

6. Ukague msimbo wako kabla hujaambiwa: orodha tupu, kitu kimoja, vitu vinavyojirudia.

7. Andaa maelezo ya utafiti wako yasiyozidi dakika mbili. Taja ulichokijenga kwa mikono yako.

8. Mweleze msimamizi wako mapema. Asisikie habari za safari yako mwezi Mei.

USIFANYE

1. Usidharau swali jepesi. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Jon Bentley aliwataka wanafunzi wapya wa uzamivu waandike utafutaji wa nusu kwa nusu (binary search). Joshua Bloch, aliyekuwa miongoni mwao, ameeleza kwamba wengi walikosea. Mwaka 2006 Bloch huyohuyo alifichua kosa lililokaa kwa miaka katika utafutaji huohuo ndani ya maktaba ya Java: mipaka miwili ilijumlishwa kwanza ndipo ikagawanywa kwa mbili, na orodha ikiwa kubwa mno jumla hufurika. Wewe unaharakia wapi?

2. Usijifiche nyuma ya tasnifu. Ukiulizwa kugeuza orodha, geuza orodha.

3. Usiandike kwenye wasifu lugha ya programu uliyoigusa mara moja. Utaulizwa hiyohiyo.

4. Usiigize kuvumbua jibu ulilokariri. Swali ukilijua, sema unalijua.

5. Usibishane na dokezo. Msaili hakutegi, anakutoa ulikokwama.

6. Usisambaze maswali uliyoulizwa ikiwa umeahidi kuyatunza.

7. Ukiwa na viza ya mwanafunzi ya F-1, usiguse kazi kabla idhini ya CPT (mafunzo ya vitendo yaliyo sehemu ya masomo) haijaandikwa kwenye fomu yako ya I-20. Wala usiitumie ovyo: ukifikisha miezi 12 ya CPT ya kutwa, umepoteza haki ya OPT (mafunzo ya vitendo ya hiari) kwa ngazi hiyo ya masomo. Uzamivu una viangazi vingi, na vinne vya miezi mitatu mitatu vinatosha kukufikisha huko.

8. Ukikataliwa, usiandike barua ya kulalamika. Rudi kwenye namba 2 ya orodha ya kwanza.